Doti ya Eda Iliyoishia kwenye Gemu ya Mjomba

Siku ile tulikuwa wanne chumbani kwa Mjomba Athumani, mtaani Shika Adabu: Mjomba mwenyewe, mdogo wangu Faraji, jirani yetu Bi Zuhura, na mimi, Mwanaisha.

Wasomaji wenzangu, nilikuwa na miaka ishirini. Wazazi wetu walikwisha kufa, nami niliacha shule darasa la sita nilee wadogo zangu. Nilikuwa nikipinda kanga za watu kwa cherehani ya marehemu mama. Kazi ya kuaminiana hiyo... mtu anakuachia doti mpya na kwenda zake!

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Mjomba alileta televisheni na gemu ya ndege, watoto wakawa wanalipa kuicheza. Nilimruhusu Faraji. Ningemshuku vipi ndugu wa tumbo moja na mama yangu?

Hata mimi niliicheza siku moja. Tamu, sikatai! Unakufa upesi, unaanza upesi, na kila ukifa unaliona kosa lako. Unaapa kwamba sasa utafika...

Lakini Faraji alikuwa akirudi analia kwa hasira.

"Dada, nikifikia ile ndege kubwa tu, kitufe kinakwama!"

"Si uache?"

"Wallahi nimebakisha kidogo!"

Kumbe alipoishiwa pesa, alichukua doti ya Bi Zuhura akampa Mjomba! Doti ile aliwekewa mama yake Bi Zuhura, mjane, aoge na kuivaa kesho yake akitoka eda. Bi Zuhura alipokuja kuichukua, nikaitafuta nisiione. Faraji akababaika, akasema kweli. Tukaongozana hadi kwa Mjomba.

Lo! Alikwisha kuikata. Kanga moja ameiuza. Ya pili ameifunika televisheni, imejaa madoa ya tambuu yake!

"Mjomba, hukujua ni amana ya watu?"

"Nilijua. Kanga haijapindwa, itoke wapi kama si kwako?" Akacheka.

Faraji akamuuliza kuhusu kitufe. Mjomba hakuona haya hata kidogo.

"Nimekitia kipande cha mpira wa ndara. Kitufe kikiwa kizima, utamaliza uende zako. Kikiwa kibovu kabisa, hutarudi. Basi kinakwama ukibonyeza mbio mbio, kule karibu na mwisho."

Mtoto wa dada yake! Yatima!

Kesho yake mama yake Bi Zuhura alitoka eda na kanga kuukuu, iliyopauka, mbele ya wanawake wote waliokuja kumpongeza.

Wenzangu, mchezo unaokushinda kwa haki hukufunza. Unaokushinda kwa hila hukufuga! Msimwachie mtu mtoto kwa sababu tu anaitwa mjomba. Ingieni anamochezea, kaeni, kibonyezeni kitufe hicho kwa vidole vyenu.

Mimi nilishona hadi nikanunua doti nyingine, nzuri kuliko ile. Nikampelekea mama wa watu kwa mikono miwili. Akaipapasa, akanirudishia taratibu.

"Nguo ya kutokea eda ni ya siku ile, mwanangu."

Ninayo hadi leo. Sijui nimlipe nini.