Mlima Kwenye Korido ya Bi Zena

Ukishuka kwenye basi hapa Ikwiriri ukatazama vibao vya vinyozi, utaona jambo linalowachekesha wageni: watu wote waliochorwa wamevaa miwani ya jua. Aliyenyolewa panki, miwani. Aliyenyolewa kipara, miwani. Hata mtoto mchanga anayeondolewa nywele za kwanza kavalishwa miwani kama dereva wa lori. Aliyewachora ni mdogo wangu Mfaume, na miwani ile haikuwa urembo.

Marehemu baba ndiye aliyemfundisha kushika brashi. Alimwambia kwamba mwenye kuchora kiumbe ataitwa siku ya Kiama aambiwe, haya, kitie roho. Lakini mtu lazima ale, na vinyozi wanataka picha za watu. Baba na mwana wakakubaliana: mtu atachorwa, macho hayatachorwa. Picha isiyo na macho haina mtu ndani yake, baba alisema. Mfaume akaona watu wasio na macho watafukuza wateja, ndipo akabuni miwani. Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Mie nauza chai na chapati mbele ya kinyozi Hemedy, na kibao cha Hemedy ndicho cha kwanza alichokichora, kwa hiyo nimekitazama kila siku ya Mungu.

Sasa, Bi Zena ana gesti kando ya barabara kuu. Ina korido ndefu, vyumba huku na huku, na mwisho kabisa ukuta mtupu. Mwanawe wa pekee, Yassin, alikuwa na wazimu wa baiskeli. Si hizi tunazobebea mkaa na magunia ya ufuta. Yeye alipenda mashindano ya Ulaya, hasa siku ya kupanda mlima. Alikuwa akikaa mapokezi mbele ya TV na jezi yake ya kubana, waendeshaji wakihema naye anahema.

Mwaka ule wa mafuriko alikuwa akiangalia mlima huohuo umeme ukakatika, watu wako katikati ya kupanda. Akangoja, akachoka kungoja. Akamwambia mama yake anakimbia shambani kwao Umwe kutazama mpunga kabla maji hayajafika, na akirudi huenda umeme utakuwa umerudi. Baiskeli yake ilikutwa imenasa kwenye mkorosho. Yeye mwenyewe hakuonekana.

Tukakaa tanga. Akaswaliwa swala ya maiti asiyekuwepo. Siku ya kuanua tanga ilipofika, Bi Zena akagoma. Hawezi, alisema, kuanua tanga la mtu ambaye hajalazwa kaburini. Mashehe walimsihi. Ndugu zake waliotoka Maparoni walimsihi mpaka wakarudi kwao. Mikeka ya msiba ikabaki imetandikwa barazani kwake, jua na mvua, na sisi kwa huruma tukanyamaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini tulijua wote kwamba tanga lisiloanuliwa ni mlango ulioachwa wazi, na usiku na mchana mlango ulio wazi hupitisha kitu.

Ndipo akamwita Mfaume. Alitaka korido nzima ichorwe yale mashindano, kuanzia mapokezi kwenye bonde mpaka ukuta wa mwisho kwenye kilele, picha moja baada ya nyingine kati ya milango ya vyumba. Sababu aliisema waziwazi.

"Umeme ulimkatikia njiani. Nataka amalize."

Mfaume alikuja kwangu anacheka. Alikuwa ametazama video kwenye simu na kugundua kwamba waendeshaji wa Ulaya wote wanavaa miwani. "Dada, hawa watu walizaliwa kwa ajili yangu," aliniambia. Nikamuuliza atauchora vipi mlima, yeye ambaye kilima kirefu alichowahi kukipanda ni tuta la barabara ya kuelekea daraja la Mto Rufiji. Akaninyang'anya chapati akaenda zake.

Na kweli alichora. Picha ya kwanza ilikuwa bonde, mashamba ya njano, na kundi la waendeshaji wameinama. Ya pili barabara inaanza kupinda. Ya tatu misitu, kisha mawe matupu, kisha theluji nyeupe pembeni. Wageni wa gesti walikuwa wakitoka vyumbani na taulo wakisimama kuangalia. Nilijivunia mdogo wangu, sifichi.

Alipobakiza ukuta wa mwisho, Bi Zena akamrudisha kwenye picha ya tatu. Akamwonyesha mahali barabarani, nyuma ya kundi. Hapo alitaka Yassin. Na alimtaka na macho yake, kwa sababu mwanawe hakuwahi kuvaa miwani, na asiyeona njia atafika vipi. Mfaume alikataa. Yule mama, wa umri wa mama yetu, akamshika miguu akalia. Mfaume hakuwa na moyo wa kuiondoa mikono ya mama wa watu miguuni pake. Akakubali.

Picha za Yassin zilikuwa zimeharibiwa na maji zote. Jezi Mfaume aliikumbuka, mabega aliyakumbuka, macho hakuyakumbuka. Akachukua kioo cha bafuni akakiegemeza ukutani, akachora macho aliyoyaona humo. Aliponisimulia jioni nilimwambia ayafute. Akasema ni rangi tu, dada.

Asubuhi nilimpelekea chai kule korido. Kwenye picha ya tatu hapakuwa na mtu. Barabara tupu. Yule mwenye macho alikuwa kwenye picha ya nne, mkiani mwa kundi. Nikamwambia Mfaume amefanya haraka kumhamisha. Akanitazama, akasema yeye ndiyo kwanza anafika, hajagusa brashi.

Siku hiyohiyo Mfaume akaanguka kitandani, na kuanzia hapo nikawa naufuata mlima ule kama wale wanaofuata mpira redioni. Kila asubuhi napita kwanza korido, halafu ndiyo naenda chumbani kwa mdogo wangu, na nikishaona picha najua nitamkuta vipi. Yule wa ukutani akiwa amekaa kwenye kiti cha baiskeli, Mfaume amelala kidogo. Akiwa amesimama juu ya pedali, shuka la Mfaume limelowa jasho na mashavu ya miguu yamekaza kama mti. Joto la Ikwiriri unalijua, lakini yeye alitetemeka kwa baridi, kucha zikawa za bluu. Akasema masikio yameziba. Akasema hewa ni ndogo.

Mdomo wa yule mwendeshaji niliukuta kila siku umefunguka zaidi. Alikuwa akiwapita wale wa miwani, mmoja mmoja. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Hospitali walimpima hawakuona ugonjwa. Nikamwita shehe. Alisoma, akampulizia maji, kisha akaniuliza kama tanga la Yassin limeanuliwa. Nikasema bado. Akafunga msahafu wake. Mlango ule, alisema, anaweza kuufunga yule aliyeuacha wazi, mwingine hawezi. Hakutaka hata chai.

Nikaenda kwa Bi Zena. Nilimkuta amehamishia mkeka mmoja ndani, amekaa mwisho wa korido akitazama ukuta ambao haujachorwa. Nikapiga magoti.

"Bi Zena, shikamoo. Nakuomba, anua tanga. Mdogo wangu anakwisha."

"Marahaba, mwanangu. Bado kidogo. Akifika juu atashuka. Mlima una kushuka kwake, na kushuka ni kwenda nyumbani."

"Anayepanda si Yassin. Macho yale ni ya Mfaume."

Alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

"Najua," alinong'ona. "Yassin peke yake asingeweza."

Nilitoka pale. Nikachukua ndoo ya chokaa, nikarudi mchana kweupe, nikampaka yule wa ukutani, yeye na baiskeli yake na theluji yake. Bi Zena aliniangalia tu. Nilipomaliza kuosha ndoo na kurudi kuangalia, alikuwa ameanza kutokeza. Alitokeza polepole, kama mtu anavyotoka kwenye ukungu. Chokaa ilikuwa kwenye nyusi zake na kwenye meno.

Nilikimbia nyumbani. Mfaume alikuwa anakohoa vumbi jeupe.

"Usinizike, dada," alisema.

Nilimfuta mdomo kwa kanga nikilia. Hapo akanivuta sikio karibu na midomo yake. Sauti ilikuwa imekwisha. Alisema upepo wa huko juu unamchoma macho, hawezi tena. "Nivishe miwani."

Nikakumbuka maneno ya baba. Picha isiyo na macho haina mtu ndani yake. Nikajilaumu kwamba sikuliwaza mapema, maana dawa tulikuwa nayo nyumbani miaka yote. Nikachukua kopo lake la rangi nyeusi na brashi nyembamba, nikaenda. Nilikwenda na matumaini, Mungu anisamehe.

Alikuwa kwenye picha ya mwisho. Gurudumu la mbele liligusa ukingo wa picha. Nilisimama uso kwa uso naye. Yalikuwa macho ya mdogo wangu, mekundu, yamejaa maji. Nikaweka brashi kwenye jicho la kushoto. Lilikuwa laini. Nikapaka. Nikapaka la kulia. Nikachora fremu, nikachora mkono wa miwani mpaka sikioni, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe.

Nilipofika nyumbani Mfaume alikuwa amekaa kitandani. Anapumua vizuri. Hana jasho. Miguu imelegea. Nikapiga magoti nikamshukuru Mola.

"Dada," akasema, "mbona mmefunga madirisha?"

Madirisha yalikuwa wazi. Jua lilikuwa usoni pake.

Nikapitisha mkono mbele ya macho yake. Hakupepesa. Nikamwita jina, nikamshika mashavu. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku kama anayesikiliza.

"Sasa nitapandaje sioni," akasema. "Kuna mtu kaniwekea mkono mgongoni. Ananisukuma."

Nilikaa naye. Nilimfunga mkono wake na wangu kwa kanga, fundo la kukaza. Asubuhi kanga ilikuwa mkononi mwangu, fundo halijafunguliwa, na kitanda kitupu. Komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Nilikimbilia gesti. Kwenye picha za mlima hakuwepo. Kwenye ukuta ule wa mwisho, ambao hakuna aliyeugusa kwa brashi, kulikuwa na barabara. Inapanda. Inapanda mpaka inaingia kwenye wingu, na hakuna kilele, hakuna utepe wa kumalizia, hakuna watu wa kushangilia. Hakuna kushuka.

Asubuhi ileile vijana waliokwenda kuvuna Umwe walimkuta Yassin. Alikuwa amelala kati ya mpunga, chali, jezi mwilini. Maji yalikuwa yamekauka shambani pale zamani, na watu walikuwa wamelima na kupalilia mahali hapo hapo bila kuona kitu. Waliomwosha walisema mikono yake ilikuwa na alama, kama ya mtu aliyesukuma kitu kizito muda mrefu. Akazikwa adhuhuri. Bi Zena akakunja mikeka yake, akaanua tanga, akanipa mkono wa pole bila kunitazama usoni.

Mfaume tulimtafuta mtoni, tukamtafuta mpaka Kibiti. Hayupo. Akaswaliwa na yeye swala ya maiti asiyekuwepo. Siku ya kuanua tanga lake ilipofika, watu wakaja kunikunjia mikeka. Nikawakatalia. Walinisihi kama tulivyomsihi yule mama. Niliwajibu maneno ambayo niliwahi kuyasikia barazani kwa mtu mwingine, na nilipoyasikia yakitoka kinywani mwangu niliogopa, lakini sikuyarudisha.

Nikarudi kwenye chapati zangu. Ni wiki iliyopita ndipo Hemedy aliponiita nitazame kibao chake. Jua limebambua rangi, miwani imebanduka. Hemedy anajua kama ninavyojua mie kwamba chini ya miwani ile Mfaume hakuchora kitu. Nilimwona akichora, nikimcheka.

Chini kuna macho. Mekundu, yamejaa maji, yanaangalia barabara inayokwenda mtoni. Nikihama na meza yangu upande wa pili, yananifuata.

Hemedy kaniambia atatafuta mchora vibao mwingine aje amrudishie miwani, maana wateja wameanza kupungua. Nimemkataza. Nimemwambia akigusa macho yale atanikuta mwenyewe. Ikifika jioni nakunja meza, naenda nyumbani, napangusa vumbi kwenye mikeka barazani, na kuitandika tena.