Ncha za Boksi la Kijani

Kila siku masomo yalipokwisha, Sagesse alishuka moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mama yake, hatua chache kutoka pale boti za kisiwa cha Chisenga zinapoteremsha samaki. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliweka begi chini ya benchi, akakunja mikono ya sare, akashika msasa. Mama yake, Florentine, alikuwa fundi viatu tangu walipokuwa Pweto, upande wa Kongo. Lakini hapa Nchelenge, upande wa Zambia, watu walimjua zaidi kwa kazi nyingine: yeye ndiye aliyebandika ncha za ngozi kwenye fimbo za kuchezea pool.

Ncha ya fimbo ni kitu kidogo, haizidi ukucha wa kidole gumba, lakini ndiyo pekee inayougusa mpira. Mama Florentine alikuwa amemfundisha binti yake kwa subira. Ngozi laini hushika chaki vizuri, ila hubondeka upesi na kutandaa kama uyoga. Ngozi ngumu hudumu, ila isipokwaruzwa kwa msasa mara kwa mara hung'aa na kuteleza. Na ncha mpya haibandikwi kabla ya kujaribiwa. Unatoa moja katika boksi, unaikata katikati, unailoweka ndani ya maji. Ngozi ya kweli hulegea tu, haimeguki.

Jumatano moja Mama alimtuma dukani kwa ba Fanwell, kama wanavyomwita huku kwa heshima, kununua boksi la ncha, akamkumbusha aijaribu moja kabla ya kuondoka. Siku hiyo wenzake walikuwa na mechi ya netiboli, na walikuwa wakimngoja barabarani. Ba Fanwell alimpa boksi la kijani, akasema zote ni ngozi safi, hakuna haja ya kupoteza muda. Sagesse akalitia begini, akakimbia. Jioni Mama alipouliza kama amezijaribu, alijibu ndiyo bila kuinua macho. Mama alikuwa na viatu vingi vya kushona, naye akamwamini.

Ijumaa Mama akabandika moja ya ncha hizo kwenye fimbo ya Luse. Luse aliuza chisense, vile vidagaa vya ziwani, na hakuna mwanamke aliyemshinda kwenye meza ya pool. Kesho yake timu yake ingecheza na wanawake wa Puta, na mshindi angekwenda kuwakilisha ukanda wa ziwa huko Mansa.

Mchana wa Jumamosi Sagesse alijipenyeza mbele kabisa ya watazamaji. Luse alibakiza mpira mweusi tu, tena ukiwa karibu na shimo. Akapaka chaki, akainama, akapiga. Fimbo ikateleza. Mpira mweupe ukaenda pembeni, na mchezaji wa Puta akamaliza mchezo. Luse akageuza fimbo yake kuitazama. Ncha ilikuwa imefumuka tabaka tabaka, kama daftari lililonyeshewa.

Ngosa, kocha wa timu, aliichukua ile fimbo na kwenda nayo hadi kwenye kibanda cha Mama Florentine, na umati ukamfuata. Aliinyanyua juu kila mtu aione.

"Tazameni wenyewe," akasema. "Hawa watu wa Kongo wanatubandikia makaratasi, halafu wanatuambia ni ngozi."

Mama Florentine alisimama na sindano mkononi, akajibu kwa upole kwamba alizinunua kama ngozi na angechunguza. Hawakumsikiliza. Mmoja akasema arudi kwao akawadanganye ndugu zake. Mwingine akachukua viatu vyake ambavyo havijakwisha kushonwa, akaondoka navyo.

Sagesse alishikwa na hasira. Miaka minne mama yake alikuwa ameshona viatu vya watu hawa hawa. Wengine alikuwa amewashonea bure watoto wao waende shule na viatu vizima. Leo, kwa kidude kimoja kilichofumuka, wote wamemgeuka! Akanyakua boksi la kijani, akatimua mbio hadi dukani.

Ba Fanwell alikuwa akipanga sabuni. Sagesse alimwambia kwamba ncha zake ni za karatasi, na sasa mama yake anatukanwa kwa sababu ya ncha hizo. Mwenye duka hakugeuka hata kidogo.

"Ncha zangu hazina kasoro. Mama yako ndiye hajui kubandika," akasema. "Na kama zilikuwa mbaya, wewe ulipozijaribu hukuona?"

Sagesse akalikumbatia boksi, akarudi nyuma hadi mlangoni. Akatoka nje. Alimkasirikia ba Fanwell, akamkasirikia Ngosa, akaukasirikia umati wote. Lakini kadiri alivyotembea ndivyo swali lile lilivyomchoma, kwa sababu jibu lake alilijua vizuri, na Mama hakulijua.

Alipofika kibandani watu walikuwa wametawanyika. Mama alikuwa ameketi, mikono imelala mapajani. Sagesse akasema yote kwa pumzi moja: netiboli, mbio, na ule uongo wa jioni. Mama akainua macho.

"Nimesimama hapa natukanwa," akasema, "na sikujua kwamba wa kwanza kunidanganya alikuwa mutoto wangu."

Sagesse angependelea kuchapwa kuliko kusikia maneno hayo. Mama akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akachukua kopo la maji na kipande cha ngozi ya soli. Wakawapitia Luse na Ngosa, wakaenda wote wanne dukani. Njiani Mama alimwambia Sagesse kwamba yeye ndiye atakayeanza kusema, na hatamsaidia.

Dukani kulikuwa na wateja kadhaa. Sagesse alisimama mbele yao.

"Mimi ndiye niliyenunua hizi ncha. Mama aliniagiza nizijaribu, sikuzijaribu, na nikamwambia nimezijaribu," akasema. "Yeye hana kosa."

Kisha akakata ncha moja katikati, akaitumbukiza kwenye kopo pamoja na ile ngozi ya soli. Wakangoja. Punde ncha ikavimba, ikaachana, ikawa uji wa rangi ya samawati. Kipande cha soli kikabaki vilevile. Juu ya ncha zile kulikuwa na utando mwembamba tu uliofanana na ngozi, na ndani yake hakukuwa na chochote ila karatasi.

Ba Fanwell akaanza kulalamika kwamba hata yeye alidanganywa na waliomletea. Luse akapita mbele. Alinyoosha mkono kwenye kona ya duka, akachukua fimbo ya pool ya ba Fanwell mwenyewe, akaiweka juu ya kaunta.

"Na hii mbona ina ngozi?" akauliza.

Mama Florentine aliitambua mara moja. Aliibandika yeye mwezi uliopita, na ba Fanwell alimsihi amkatie ncha kutoka kwenye ngozi nene ya soli, si kutoka boksi lolote. Ba Fanwell akainamisha kichwa. Akatoa maboksi yote ya kijani yaliyobaki, na Ngosa akayachukua yakachomwe mbele ya wachezaji.

Ushindi wa Puta haukufutwa. Lakini Ngosa alirudi na umati uleule hadi kibandani, akavua kofia, akasema, "Bamayo, mama yangu, nilikutukana bila kuuliza. Nisamehe." Mwenye viatu akavirudisha, macho yakiwa chini.

Walipobaki wawili, Sagesse alisema bado ana hasira na watu wale. Mama akavuta benchi, wakaketi.

"Uwe nayo, ni ya haki," akasema. "Mutu akionewa, lazima tukasirike. Lakini kwa ba Fanwell ulikwenda na hasira peke yake, akakunyamazisha kwa swali moja. Uliporudi na ukweli, hata ule uliokuaibisha wewe, hakuna aliyeweza kukufunga mdomo. Anayetaka wengine waseme kweli, aanze na ya kwake."