Namba Nyekundu

Walikutana kwenye ofisi ya vibali vya ujenzi, asubuhi ambayo mtandao ulikuwa umegoma na watu wamefurika hadi ngazini. Karani wa masjala, blauzi yake ya njano imeloa jasho mgongoni, alikuwa ameacha dirisha lake akimjazia fomu babu mmoja asiyeona vizuri. Kijana mwenye fulana ya kijivu ya kampuni ya ujenzi alimtazama, kisha naye akaanza kupanga watu mstari bila kutumwa na mtu.

"Kumbe serikalini nako kuna watu wanaofanya kazi isiyo yao," alimtania.

Karani akamjibu kwamba hata kampuni binafsi kumbe zina watu wa kujitolea. Mapenzi yakaanzia hapo. Kila alipoleta nyaraka, kijana alibaki nusu saa kumsaidia, na karani, kinyume cha kanuni, akamruhusu kuvuka kaunta.

Sasa jalada la kampuni ile ile lilikuwa halionekani. Mkuu wa masjala, mama asiyepandisha sauti hata akifukuza mtu, alimpa karani hadi Ijumaa saa sita mchana: alete jalada au aandike barua ya kuacha kazi. Karani alipekua rafu mpaka kucha zikakatika. Lakini kilichomtisha zaidi hakikuwa kazi. Aliogopa kwamba zile nusu saa zote na yale maneno matamu vilikuwa njia tu ya kulifikia jalada. Kijana alipopiga simu, aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, kwa kuwa akipokea angelazimika kuuliza, na akiuliza angejibiwa.

Ijumaa saa nne alipokea.

"Mpenzi, siku tatu hupokei. Nimekukosea nini?"

"Jalada lenu limepotea. Ulilichukua wewe?"

Simu ikakatwa. Karani akarudi kupekua rafu.

Saa tano na nusu kijana aliingia akihema, viatu vyeupe kwa saruji. Karani alijua kwamba kwenye kampuni yao ukitoka kazini bila ruhusa, hakuna kurudi.

"Mama," kijana alimwambia mkuu, "siku moja karani wako alipompandisha bibi mgonjwa ghorofa ya tatu, mimi ndiye niliyerudisha majalada rafuni. Hakunituma."

Aliulizwa alilirudisha wapi. Akaeleza kwamba lilikuwa na namba mbili, ya bluu na nyekundu, akafuata nyekundu, maana kwao wino mwekundu ndio wa kuzingatiwa. Karani alikimbilia nyuma. Pale masjala nyekundu ni namba ya zamani iliyofutwa, ya rafu za nyuma ambazo haziguswi na mtu.

Jalada lilikuwa huko, limeanza kushika vumbi. Mkuu alimwandikia karani onyo la mwisho.

Nje ngazini simu ya kijana iliita. Alisikiliza, akasema, "Sawa, mzee," akaizima.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

"Mbona ulinikatia simu?"

"Niliogopa ungenikataza nisije." Alitazama viatu vyake. "Nilitaka kuja kwenu Jumapili kukuposa, nikiwa na kazi. Sasa naogopa hata hilo."

Karani naye aliogopa, kwa kuwa swali la kwanza la mama yake lingekuwa mkwe anafanya kazi gani. Alimpangusa saruji shavuni kwa ncha ya kitambaa chake.

"Njoo hivyo hivyo," alisema. "Ila mama akikwambia kaa, kaa. Usimsaidie kupanga chochote."