Daftari la Chumba cha Seva

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, Chiriku alivuka barabara kutoka shuleni na kuingia hospitali kwa lango la nyuma. Hakuwa mgonjwa. Mama yake alikuwa fundi wa kompyuta hapo, na binti alimsubiri katika chumba cha seva, ile kompyuta kuu inayohifadhi kumbukumbu za hospitali: chumba chembamba chenye baridi, mvumo usiokoma na meza moja ya kufanyia kazi za shule. Jina la Chiriku alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado aliongea hata na kifutio.

Mlangoni palining'inia daftari lililofungwa kamba. Kila aliyegusa kitu chumbani humo aliandika alichokigusa na saa aliyokigusa. Mzee wa usafi hakukosa hata siku moja: “Saa tatu. Nimepiga deki. Waya sikugusa. Mgongo unauma.” Chiriku alicheka kila alipolisoma.

“Mama, hapa umeandika umegusa skrini kwa kidole. Hata kidole?”

“Hata kidole,” mama alijibu. “Mashine ikiugua haiwezi kunieleza ilifanywa nini. Daftari ndilo linanieleza.”

Alhamisi moja mama aliitwa mapokezi, ambako printa ilikuwa imetafuna karatasi. “Nakuja sasa hivi,” alisema. “Wewe gusa kwa macho tu.”

Kishikwambi cha Chiriku kilikuwa kinakaribia kuzima, naye alikuwa katikati ya mchezo. Soketi zote zilikuwa zimejaa. Nyuma ya kabati la seva aliona plagi nyeusi ambayo waya wake uliishia kwenye kisanduku kidogo. Kwa macho yake, kisanduku hicho hakikuwa na kazi yoyote. Akaichomoa.

Kisanduku kikanyamaza. Taa yake ikazimika. Chiriku alibaki ameshika ile plagi kama aliyeshika mkia wa nyoka, kisha akairudisha haraka. Baada ya muda taa ikawaka, kijani kama mwanzo. Akashusha pumzi. Macho yake yakaenda kwenye daftari, akayageuza upesi. Kwani kimeharibika nini?

Hata hajaketi, simu ya mezani ikalia. Ikalia tena. Mama akaingia mbio, na nyuma yake muuguzi wa wodi ya watoto.

“Dada Fundi, kompyuta zetu zote zimeganda,” muuguzi alisema. “Nina mtoto wa miaka minne, leo siku ya tano ana homa. Majibu ya damu yake yaliingizwa leo asubuhi. Daktari anayasubiri ajue ampe dawa gani.”

Mama alikwishakaa kwenye kibodi. Aliandika, akasoma, akaandika tena. Kila mara skrini ilimrudishia maneno yale yale: kundi la diski haliwezi kufunguliwa, diski moja haionekani.

“Ndiyo nini hiyo?” muuguzi aliuliza.

“Humu mna diski sita zilizofungwa pamoja, zinafanya kazi kama diski moja kubwa. Hilo ndilo kundi. Majibu yenu yamesambazwa kwenye zote sita. Ikikosekana moja, kundi zima linagoma.” Mama akanyoosha kidole. “Inayokosekana ni hii ya kwenye kisanduku.”

“Mbona taa yake inawaka?”

“Hapo ndipo ninapochoka. Ilitoweka saa tisa na dakika kumi na mbili, kisha ikarudi. Lakini seva imeshaiandika kwamba haipo, na haitaipokea mpaka niiruhusu. Nami siwezi kuiruhusu ovyo. Diski inayokatika na kurudi yenyewe mara nyingi inakufa. Nikiirudisha ikiwa mbovu, itaziharibu na zile nyingine.”

Mama alikwenda mlangoni akafungua daftari. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mzee wa usafi. Binti yake alikuwa ameambiwa aguse kwa macho tu, hivyo mama hakumfikiria; akamwita mzee.

“Mzee wangu, samahani. Asubuhi ulipopiga deki, hukuulegeza waya wowote? Hata kwa bahati mbaya?”

Mzee alisimama na ufagio wake, macho yakihama kutoka kwa fundi kwenda kwa muuguzi. “Binti yangu, nilichogusa nimeandika. Miaka yote hii nimeandika.”

“Najua, mzee wangu. Nauliza tu.”

“Unauliza tu,” mzee alisema taratibu, kisha akaondoka bila mzaha wake wa kila siku.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Angeanzia wapi? Muuguzi alisimama hana la kufanya na mikono yake. Mama, ambaye Chiriku hakuwahi kumwona akishindwa na mashine, alikuwa ameshika kichwa.

“Na huyu leo mbona kimya?” muuguzi alimuuliza.

“Hakuna kitu, shangazi,” Chiriku alijibu, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Mama akajikaza. “Limebaki jambo moja. Naitoa kabisa hii diski kwenye kundi, naweka mpya, kisha narudisha nakala ya akiba ya Jumapili.”

“Na majibu ya Jumatatu mpaka leo?”

“Yatapotea.”

“Fundi, katika kipimo cha yule mtoto, vijidudu vya damu huoteshwa siku tatu. Maabara wameshatupa sampuli, na majibu hawakuyaandika kwingine.”

“Nifanyeje, dada yangu? Sina njia nyingine.” Mama akaandika amri, herufi kwa herufi, kidole kikabaki juu ya kitufe cha mwisho.

“Mama, hiyo diski haifi.”

Wote wawili waligeuka.

“Nilichomoa plagi yake mimi. Nilitaka kuchaji. Nikairudisha.”

Mama aliondoa mkono kwenye kibodi kama aliyegusa sufuria ya moto. Hakugomba. “Ilikaa bila umeme muda gani?”

“Kama dakika moja.”

“Uliirudisha kwenye soketi ile ile?”

“Ndiyo, mama.”

Maswali hayo ya upole yalimuuma Chiriku kuliko makofi. Mama alifuta amri yake, akaikagua diski na kuikuta nzima. Akaiamuru seva iipokee tena, kisha akaanza kukagua mafaili. Namba za asilimia zilipanda kwa mwendo wa konokono. Hakuna aliyeweza kuziharakisha, nao wakazitazama nusu saa nzima.

Hatimaye kundi likafunguka. Muuguzi akatoka mbio, na baada ya muda akapiga simu: majibu ya mtoto yameonekana, dawa inaandaliwa. Hata hivyo, majibu ya mwanamume mmoja, yaliyokuwa yakiandikwa dakika ile ile ya saa tisa na kumi na mbili, hayakurudi. Ilibidi achomwe sindano upya, atolewe damu nyingine.

Mama aliweka simu chini. “Kosa la plagi halijaniumiza sana, mwanangu. Hata mimi nimechomoa nyingi. Ungeandika mstari mmoja tu, ningeirudisha diski bila kuhangaika, na mtoto yule asingecheleweshwa. Uliponyamaza, nilimshuku mtu asiye na kosa, na nikakaribia kufuta kwa mkono wangu kazi ya siku nne. Mashine iliniambia diski haionekani. Sababu ulikuwa nayo wewe peke yako. Ukikosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kurekebisha.”

Chiriku alichukua kalamu akaandika: “Saa tisa na dakika kumi na mbili. Nimechomoa plagi ya diski. Sikusema.” Kisha akaongozana na mama yake hadi stoo ya mafagio. Mama alimwomba mzee radhi kwanza, Chiriku akafuata, maneno yakimtoka moja moja.

Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa tu. Asubuhi mama alikuta mstari mpya kwenye daftari: “Saa kumi na moja jioni. Sikugusa kitu. Nimeombwa radhi na watu wawili. Mgongo una nafuu.”