Herufi Alizochorewa Kaluki

Jumamosi hiyo duka la kuchapisha kadi pale Thika mjini lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Wengine walitaka kadi za harusi, wengine picha za marehemu, na katikati yao alisimama msichana wa gauni la rangi ya haradali, limemkaa kiunoni sawasawa, tepu ya fundi ikining'inia shingoni.

"Hiyo inakaa ya benki," alisema akitazama kompyuta. "Na hiyo ni ya matanga. Hakuna ingine?"

Byron Kinyanjui, kijana aliyekuwa akimhudumia, alikuwa amemwonyesha fonti ishirini za herufi. Hakukasirika. Alivuta karatasi.

"Unaitwa nani, madam?"

"Kaluki. Nashona nguo Ruiru. Nataka jina la duka lisomwe na mtu aliye ng'ambo ya barabara."

Akachora K. Mstari mmoja mnene, mwingine mwembamba, na kila ncha akaimalizia kwa kijiguu kilichojipinda kama jani la nanasi. Kaluki aliinama, manukato yake yakamfikia Byron.

"Ai! Hiyo K imevaa kunishinda."

"Imejaribu tu," Byron akajibu bila kuinua macho. "Haijakushinda."

Jioni hiyo Byron alirudi nyumbani na namba ya simu ya Kaluki.

Jina lilipokwisha kupakwa juu ya duka, Byron hakuacha. Kila jioni alichora herufi moja, akaiingiza kwa kompyuta, kisha akampigia.

"Sasa, dear. Leo nimemaliza R."

"Inakaa aje?"

"Imetoa mguu mbele kama wewe ukipiga picha."

"Byron, nitakukata simu!" Lakini hakukata.

Miezi minne ikapita hivyo, hadi fonti ikatimia, namba na zote. Byron akaiita Kaluki. Kitu cha kwanza alichochapisha nayo ni kadi ndogo: *Karibu kwetu Landless uonane na mama. Jumapili, saa 7.*

"Umepata kadi?" aliuliza kwa simu.

"Nimepata. Nimeiweka kwa kioo. Saa ni hiyo ya kadi?"

"Hiyo hiyo, mpenzi."

Jumapili hiyo mama yake Byron, Wamboi, alipika mukimo na kuku, akatandika vitambaa vyeupe. Saa saba ikafika. Ikafika nane. Byron akapiga simu mara tisa. Wakati huo Kaluki alikuwa saluni akisukwa, simu ameiacha dukani kwa chaji, moyo mtulivu. Kwake kadi ilisema saa moja, na saa moja ni ya jioni.

Saa kumi aliporudi dukani alikuta simu tisa alizozikosa na ujumbe mmoja tu: *Nimeelewa. Usijisumbue kuja tena.*

Alipiga. Byron alikuwa amezima. Kaluki aliliangalia gauni la bluu alilojishonea kwa siku hiyo, likiwa limepigwa pasi, akaketi juu ya vitambaa na kulia. *Amepata mwingine,* alijiambia. Akamblock.

Wiki tatu wateja waliingia wakilisifu jina lililo juu ya mlango, naye alijibu "asante" huku akiuma uzi kwa hasira.

Upande wa Thika, mzee mmoja aitwaye Nzomo aliingia dukani na kadi za mwaliko wa sherehe yake ya shukrani, zilizochapishwa kwa fonti ile, akazitupa mezani.

"Kijana, hizi herufi zako zimeniaibisha! Sherehe ni saa saba, wageni wamefika saa moja asubuhi, mke wangu bado yuko na leso!"

Byron alichukua kadi. Akaileta karibu na macho, kisha akaisogeza mbali. Jani alilolipachika kwenye 7 lilikuwa limeinama sana. Kwa ukubwa wa bango, ilisomeka saba. Kwa kadi ndogo, ilisomeka moja.

Alikimbia hadi nyumbani Landless, akiwa na nakala ya ile kadi ya mwaliko.

"Mama, soma hapa. Saa ngapi?"

Wamboi akavaa miwani. "Saa moja."

"Mimi niliandika saba."

Mama akavua miwani. "Haiya! Na vile nimemsema huyo msichana wa watu." Akafungua kabati, akatoa kitambaa cha zambarau alichokuwa amekiweka miaka. "Kesho twende Ruiru."

Kaluki alipoona nani ameingia, mkasi ulimponyoka.

"Nimekuja kuomba msamaha," Byron alisema. "Kosa ni la saba yangu, kwa kadi ilisomeka moja. Nimeichora upya. Na hiyo fonti ni ya majina makubwa tu. Saa nitaandika kwa herufi za kawaida."

"Ungenipigia mara ya kumi," Kaluki akasema, machozi yakimlenga. "Mara moja zaidi tu."

"Najua. Niliumia nikawa mjinga."

"Mimi pia nilikublock bila kuuliza."

Wamboi alitandaza kitambaa mezani. "Mami, nipime. Nataka nguo ya heshima."

Kaluki akapangusa macho, akashika tepu. "Ya kuvaa wapi, mama?"

"Kwenu Kithimani. Siku tutakapokuja kuongea na wazazi wako."

Tepu ilisimama begani. Kaluki alimgeukia Byron. "Na yeye hana mdomo?"

"Ninao," Byron akasema, jasho likimtoka. "Kaluki, utakubali nikuoe?"

Kaluki aliandika kwanza kipimo cha bega. "Mama, mkono mrefu ama mfupi?"

"Ai, mjibu kwanza!"

"Nimekubali," Kaluki akasema, kicheko kikichanganyika na machozi. "Sasa simama wima, mama, nipime kiuno."