Namba 614 Ilikuwa Kasoki

Foleni ya malori pale mpakani Kasumbalesa ilikuwa haijasogea tangu asubuhi, na barafu ya Séverin Ntumba ilikuwa inayeyuka. Alisimama juani, shati jeupe limemganda mgongoni, amekumbatia sanduku la dawa za maabara zilizotoka ng'ambo kupitia Zambia. Ofisa wa forodha alikuwa amekwenda kula, na muhuri wake mfukoni.

"Papa, sanduku yako iko nalia," ikasema sauti ya mwanamke nyuma yake.

Alikuwa Kasoki, Mnande wa Kivu ya Kaskazini, muuzaji wa jumla wa samaki wa barafu: kitambaa cha manjano kichwani, kitenge kimemkaa sawasawa kiunoni, simu mbili mkononi. Lori lake la samaki tomsoni lilikuwa la tatu kwenye foleni.

"Iko dawa ya kusoma damu, mama. Ikipata moto, inakufa."

"Damu banaisomaka? Kama Biblia?"

"Inapita Biblia kwa urefu."

Kasoki akacheka, akapanda lorini mwenyewe, akashuka na ndoo ya barafu. "Isome basi. Lakini itanuka tomsoni."

Penzi lao lilianza katika uvundo huo, na halikuona haya.

Séverin alikuwa fundi wa maabara katika mradi mmoja mjini Lubumbashi, uliochunguza selimundu, ugonjwa wa damu ambao watu wa huko huuita SS. Mtoto huupata akirithi kasoro kwa baba na kwa mama, na wazazi wenyewe, wanaoitwa AS, huweza kuishi wazima bila kujua. Mradi ulisoma jeni za familia nzima, ukitafuta sababu ya mtoto mmoja mwenye SS kuzikwa mapema na ndugu yake mwenye SS kucheza mpira. Claudine, dada yake Séverin, alizikwa akiwa na miaka tisa.

Kasoki naye alitoa damu, miongoni mwa watu wenye afya waliolinganishwa na wagonjwa. Séverin ndiye aliyemchoma sindano.

"Sasa utaniona mpaka ndani?"

"Apana, chérie. Apa uko namba tu, 614. Majina na majibu iko mu daftari ingine, banaifunga na ufunguo. Ata miye sina ruhusa."

"Muzuri. Mwanamuke abakie na siri kidogo."

Kufikia Desemba walikuwa wamekubaliana kuoana. Parokia yao haikutangaza ndoa bila karatasi ya kipimo cha damu, hivyo wakapanga kwenda kupima pamoja Januari. Lakini Séverin alijua tangu utotoni kwamba yeye ni AS, na subira ikamshinda. Adhuhuri moja, wenzake walipokwenda kula, alichukua ufunguo wa mkuu wa maabara, akafungua kabati la daftari lile na kusoma. Namba 614: AS.

Mwanamume mwenye moyo angempigia simu mchumba wake palepale. Huyu akanyamaza. Alimwona Claudine akilia kwa maumivu ya mifupa, akamwona na mtoto ambaye wangemzaa, hatari moja kwa nne kila mimba, akajidanganya kwamba anamwonea Kasoki huruma. Alikuwa anajihurumia mwenyewe.

"Niko na kazi mingi, mon amour," akawa anasema kwenye simu.

"Kazi gani inakukataza ata kukula? Kama kuko mwanamuke mwingine, sema."

"Tutaongea."

Hawakuongea, wala hawakwenda kupima. Mwisho wa Januari Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, na mama yake Kasoki alikuwa huko. Siku tatu Kasoki alipiga simu ya mama yake bila jibu, na siku hizo tatu alimpigia Séverin mara kumi na tisa. Séverin aliliona jina lake likiwaka, akailaza simu kifudifudi. Aliogopa kwamba akimsikia analia, atasema yote.

Juma hilohilo barua ikaja kutoka ng'ambo: fedha zimekatwa, mradi umekwisha leo. Wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mafuta ya jenereta yalibaki ya siku mbili, na mkuu akasema sampuli zitupwe. Zilikuwa chupa elfu mbili za damu, nyingine za watoto waliokwisha kuzikwa.

Séverin alimjua mtu mmoja tu mwenye chumba cha baridi. Alimkuta Kasoki ghalani, kichwa wazi, macho yamevimba.

"Mama iko wapi?" Séverin akauliza.

"Siyue. Muntu moja alimuona mu barabara, bila viatu. Leo njo unakuya kuuliza?"

Séverin akaeleza habari za chupa. Kisha, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, akasema na lile jingine. "Nilifungua daftari. Uko AS. Na miye niko AS. Njo maana nilinyamaza."

"Tangu lini?"

"Mbele ya Noeli."

"Wiki sita uliyua damu yangu, na miye mwenyewe siyue."

"Niliogopa, Kasoki. Mutoto..."

"Tungekosa batoto, tungekosa sisi bawili. Tungelea batoto ba bantu bengine. Kama ungekuya na ile maneno tu, ningekubali, Séverin. Ata leo ningekubali. Lakini nilikuita mara kumi na tisa."

Hakulia. Alifungua chumba cha baridi, akasukuma maboksi ya samaki kwa bega. "Leta ile damu. Bamama ya ile batoto balikuamini."

Walibeba masanduku hadi alasiri. Séverin alijua baridi ile haikutosha kwa yote; DNA ingevumilia, mengine yangeharibika. Walipomaliza, Kasoki akampa ufunguo wa akiba. Kesho yake angeondoka kwa njia ya Zambia na Tanzania kwenda kumtafuta mama yake.

"Utarudi kwangu?"

"Nitarudi Lubumbashi," Kasoki akajibu, akamwonyesha namna ya kuufunga mlango ule, maana bawaba ya chini ilikuwa imelegea.