Ngozi Zilizobaki Nyumbani

Mtaa wetu ni wa mafundi viatu. Ukiingia asubuhi unasikia nyundo kabla hujaona mtu. Harufu ya gundi inakupanda puani, na kabla hujafika mwisho wa mtaa mtu ameshakuambia soli yako imekwisha. Mimi nimeolewa hapa. Mume wangu ni fundi, na mdogo wake ana kibanda ubavuni mwa chetu. Mume wangu wanamwita Kisigino, kwa sababu hakuna anayepigilia kisigino kama yeye. Mdogo wake wanamwita Gundi, kwa sababu akianza kuongea habanduki.

Lakini kibanda chetu kilikuwa kimya. Kisigino alikuwa nchi ya mbali, kwenye kiwanda cha viatu. Aliondoka binti yetu Kidoti akiwa bado anatambaa. Sasa Kidoti anakimbia, anajibizana na watu wazima, na karibu ataanza shule.

Kilichomwondosha ni ngozi. Kila siku malori yalipita barabara kubwa yamejaa ngozi ghafi, zimepakwa chumvi, zinanuka mpaka unaziba pua. Zote zilikuwa zinakwenda kuuzwa nje. Wanunuzi wa huko walilipa vizuri, basi kiwanda chetu cha kulainisha ngozi kikakosa mali, kikafunga mlango. Fundi wa mtaani akabaki anaokoteza vipande. Halafu sokoni vikajaa viatu vya plastiki kutoka nje, bei chee. Nani angesubiri kiatu cha Kisigino?

"Tukibaki wote hapa tutakufa njaa wote," aliniambia. "Acha mimi nikahangaike."

Akaenda. Nikabaki nashona mikoba ya vipande na kutia viraka viatu vya watu. Usione nacheka na wateja ukadhani mambo shwari. Nilimkumbuka jamani! Nilikumbuka anavyokohoa kabla ya kuingia nyumbani, utadhani ni mgeni kwake. Nikipika nazidisha chakula kwa mazoea. Nikilala najibana ukutani, namwachia nafasi yake. Kila Jumapili alipiga simu ya video, mimi na Kidoti tukagombania kioo cha simu ili tuone uso wake, maana zaidi ya uso hakikuonyesha kitu.

"Utarudi lini, Baba Kidoti?"

"Nirudi nifanye kazi gani, mke wangu? Ngozi iko wapi?"

Nikamgeuzia Kidoti kioo.

Uani kwetu alipanga mama mmoja mtu mzima, mfanyakazi wa ofisi ya biashara. Mtaa mzima ulimwita Bi Sera, kwa sababu kila ukilalamika yeye hujibu, "Hiyo ni sera." Mafuta yamepanda bei? Sera. Riba ya mkopo imeshuka? Sera. Gundi alikuwa akisema mama huyu hata akiota usiku anaota sera.

Siku moja Bi Sera aliniletea kiatu kilichofunguka mdomo. Akanikuta nafuta macho.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Machozi ya nini?"

"Moshi tu."

"Moshi gani, na jiko hujawasha?"

Nikashindwa kujizuia. Nikamweleza yote, malori, kiwanda, na mume anayezeekea kwa watu. Nikamalizia kwa kusema, "Basi, Mungu ndivyo alivyopanga."

"Hili usimsingizie Mungu," alisema, akivuta kigoda. "Hili limepangwa na watu, wamekaa mezani. Serikali ikiacha ngozi ipite mpakani bila ushuru, mnunuzi wa nje anaichukua yote. Ikitoza ushuru, anapiga hesabu, anaona ghali, anapunguza. Ngozi inabaki. Kiwanda cha hapa kinaipata."

"Kwa hiyo ushuru si wa kujaza hazina tu?"

"Hazina inapata, sikatai. Lakini kodi pia inaelekeza watu wafanye nini. Na serikali ina njia nyingine. Inaweza kupunguza kodi ya uzi na gundi, ili fundi apate nafuu. Inaweza kusaidia riba ishuke, ili mkopo usiwe mzigo. Tena yenyewe ni mnunuzi mkubwa. Wauguzi wanavaa viatu, askari wanavaa viatu. Ikisema itanunua kwanza kwa mafundi wa ndani, huu mtaa utalala?"

"Sasa si wafanye! Wanangoja nini?"

"Hawajasikia kutoka kwenu. Kila mwaka kabla ya bajeti kuna kikao cha maoni ya wananchi. Wenye malori hawakosi, wanakaa mstari wa mbele. Fundi viatu sijamwona hata mmoja."

Gundi akachungulia kutoka kibandani kwake. "Kile si kikao cha wenye tai?"

"Nani kakuambia?"

Gundi akakosa la kusema. Jambo hilo peke yake lingetosha kutangazwa.

Mwaka ule tulikwenda. Nilipopewa nafasi nikasimama. Nikasema, "Ngozi za ng'ombe wetu zinapanda lori zinaondoka. Mume wangu naye amezifuata. Mimi naomba ngozi zibaki, na mume wangu arudi." Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikuwa natania.

Mwenye bucha akasimama kunipinga. "Ngozi zikizuiwa, bei ninayouzia itashuka. Na mimi nina watoto wanaokula." Nilitaka kumchukia, lakini alikuwa anasema kweli. Njiani nikamuuliza Bi Sera itakuwaje.

"Kila sera ina anayecheka na anayenuna," alisema. "Ndiyo maana wote lazima wasikilizwe, halafu serikali ipime."

Bajeti ikasomwa. Ngozi ghafi zinazokwenda nje zitatozwa ushuru, kidogo kwanza, kisha kupanda polepole, ili wenye bucha wasiumie ghafla. Kodi ya uzi na gundi ikapunguzwa. Na hospitali za umma zikaambiwa zinunue viatu vya wauguzi kwa mafundi wa ndani kwanza, mradi viwe vizuri. Gundi alipiga vigelegele mpaka mkewe akamwonea aibu.

Usidhani mambo yalibadilika kesho yake. Tulingoja, tukachoka, tukaendelea kungoja. Kisha malori yakaanza kupungua. Kiwanda kikafunguliwa. Siku nilipoletewa ngozi nzima ya kwanza, nyeusi, laini, niliiweka usoni nikainusa. Ilinuka kama shati la mume wangu. Nikalia kama mtoto.

Nikampigia. "Baba Kidoti, ngozi ipo! Rudi."

"Natamani hata leo. Lakini ngozi bila wateja itanilisha? Nikiacha kazi huku, sirudishwi."

"Tumepata kazi ya hospitali. Mtaa mzima tumegawana."

"Basi wakivipokea hivyo viatu, nakata tiketi. Naapa."

Kuanzia hapo kila mshono nilioshona nilikuwa namvuta yeye.

Viatu vikapelekwa. Vikarudi vyote.

Kosa lilikuwa letu, tena kosa la kwetu tu. Kila fundi hapa ana kalibu zake, ile miguu ya mbao ambayo huvalishwa ngozi ili kiatu kipate umbo. Amezirithi kwa baba yake, na baba yake alichonga kwa macho. Mteja wa mtaani anakuja na mguu wake, unampima, unamtengenezea, mnaagana. Namba ni mapambo. Sasa muuguzi mmoja alivaa namba thelathini na nane ya kibanda chetu ikampwaya. Akavaa thelathini na nane ya Gundi, vidole vikagoma kuingia.

"Serikali imetuchezea!" Gundi alifoka. "Si walisema watanunua kwetu?"

Bi Sera alikasirika. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. "Walisema watanunua viatu vizuri. Ushuru umewapa nafasi ya kujipanga. Haujawapa ruhusa ya kumbana mtu vidole! Mkiuza vibovu, hao wauguzi watakwenda kikao cha mwakani kuwalalamikia, na watakuwa na haki. Mnaweza kunyang'anywa nafasi hii kama mlivyopewa."

Mimi nilikuwa naiona tiketi inachanika. Nikauliza, "Tufanye nini, Bi?"

"Muwe na kalibu za aina moja, mtaa mzima. Hospitali imewapa muda. Wakivikataa mara ya pili, watatafuta wengine."

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Aina moja, sawa, lakini ya nani? Gundi alitaka za kwake. Mzee wa kibanda cha mwisho akasema kalibu za baba yake zimevalisha wakubwa. Wakatukanana hadi jioni. Nikachoka. Nikakumbuka kwamba kule kiwandani mume wangu alikuwa anachonga kalibu, na kule kila namba ina kipimo chake, haina ubishi. Nikapiga simu, nikawageuzia kioo. "Haya, mgombane na huyu."

Kisigino akawasikiliza, akacheka. "Gundi, kalibu zako ni za miguu ya bata."

"Na zako ni mitumbwi, kaka!"

Wakacheka wote, na ugomvi ukaisha. Tangu siku ile, kila jioni akitoka kazini alitufundisha kwa simu. Pimeni urefu hivi. Zungusheni utepe hapa. Seremala akachonga seti mpya, kila kibanda kikapata yake. Lakini mimi nilikoma. Mafundi walijaa chumbani kwangu, wamenibanisha mlangoni, na mume wangu nikawa namsikia tu. "Jamani, niachieni hata dakika," nilisema. Gundi akajibu, "Shemeji, subiri, tuko kwenye unyayo!" Nikacheka, halafu nikaenda uani nikalia. Sauti yake ilikuwa ndani ya nyumba yangu kila siku, naye hayupo.

Tukashona upya. Safari hii tulikaguana wenyewe kabla ya kupeleka, na kiatu kilichopinda kilirudishwa kwa aliyekishona, hata kama ni shemeji yangu, na kilikuwa chake mara nyingi. Viatu vikaenda. Sikula siku hiyo. Bi Sera ndiye aliyeleta habari, mbio mbio, kiatu kimoja kimemvuka mguuni.

"Wamevipokea!"

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilimpigia mume wangu, akaniangalia usoni, na kabla sijasema neno akasema, "Nakuja."

Leo mtaa wetu una chama cha mafundi. Mafundi wawili waliokuwa wamehama wamerudi. Mwenye bucha amejifunza kuchuna bila kutoboa, kwa sababu kiwanda hulipa zaidi ngozi isiyo na tundu, na amepunguza kununa. Kila mwaka tunakwenda kwenye kikao cha maoni, na tunakaa mbele.

Lakini nikuambie siku aliyofika. Nilikuwa napanga viatu. Nikasikia kikohozi mlangoni. Nikageuka, kiatu mkononi. Akasimama pale na begi lake, mwembamba, mvi kidogo, anatabasamu kwa aibu. Mimi nimeganda. Kidoti, ambaye hakuwa na kumbukumbu ya siku aliyoondoka, ndiye aliyetangulia. Akamtazama usoni, akamjua mara moja. Kisha macho yakashuka taratibu, kifuani, tumboni, magotini, mpaka chini kabisa.

"Mama!" akapiga kelele. "Kumbe Baba ana miguu!"

Mume wangu akakaa chini pale pale mlangoni, akavua viatu, akamwachia mtoto aishike hiyo miguu.